Kiangazi Italia kusomea chakula na uendelevu: wiki sita Parma, na yale ambayo kipeperushi hakisemi

Chanikiwiti (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Tangu niguse kwenye uzi fulani kwamba niliwahi kwenda Italia kiangazi kusomea utamaduni wa chakula na uendelevu, ujumbe wa faragha umejaa na maswali ni yaleyale. Basi nashusha yote hapa. Uzi ni mrefu, mwenye haraka zake apite salama.

Nilikaa wiki sita, mwanzo wa Juni hadi katikati ya Julai, kituo kikiwa Parma, mkoa wa Emilia-Romagna. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa kutoka kila pembe. Nusu yetu walikuja na aproni kwenye begi wakidhani ni kozi ya upishi. Siku ya kwanza tukagawiwa kanuni za utengenezaji wa jibini la Parmigiano Reggiano, vifungu na vifungu vidogo mwanzo hadi mwisho, na nyuso zikaanza kubadilika. Aproni hazikutoka kwenye begi hadi wiki ya nne.

Kwa nini Parma? Mji si mkubwa, unauzunguka kwa baiskeli asubuhi moja. Lakini UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya miji ya ubunifu upande wa chakula mwaka 2015, na Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula, EFSA, makao yake yako hapohapo. Mhadhiri wetu akimhitaji mtu wa kuzungumzia sumukuvu anampigia simu, jamaa anakuja kwa baiskeli.

Sasa tuingie ndani.

Siku ya tatu tuliamshwa saa kumi alfajiri, tukapakiwa kwenye basi dogo hadi kiwanda cha jibini nje ya mji, wenyewe wanaita caseificio. Nilitarajia mitambo, nikakuta chumba kilichojaa mvuke: sufuria kubwa za shaba zenye umbo la kengele iliyopinduliwa, zimezama nusu sakafuni, na watu watano wenye buti nyeupe ambao hawakuwa na muda na sisi. Maziwa ya jioni hulazwa usiku kucha kwenye mabeseni mapana ili malai ipande juu. Malai inaenguliwa, inakwenda kuwa siagi. Yaliyobaki yanachanganywa na maziwa ya asubuhi yasiyoenguliwa kitu. Wanaongeza maji ya jibini la jana yaliyochachuka, kisha kigandishi kinachotokana na tumbo la ndama. Dakika chache tu yameshaganda. Yanavunjwavunjwa kwa mchapo mkubwa wa waya hadi chembe ziwe kama punje, yanapashwa hadi nyuzi 55, moto unazimwa, kila mtu anasubiri. Chembe zinazama na kushikana chini kuwa bonge moja. Linanyanyuliwa kwa kitambaa cha kitani, linakatwa katikati, na vipande hivyo viwili wanaviita mapacha. Sufuria moja, mapacha, kila siku ya Mungu, hata Krismasi, maana ng'ombe hajui sikukuu.

Gurudumu moja la jibini hunywa lita 550 hivi za maziwa na likikomaa lina kilo 40 hivi. Linalala kwenye maji ya chumvi karibu wiki tatu, kisha linapandishwa rafuni miezi 12 kwa uchache, mengi miaka miwili na kuendelea. Likitimiza mwaka anakuja mkaguzi na kinyundo. Anagonga, anasikiliza, anageuza, anagonga tena. Lenye ufa au tundu ndani linajisema lenyewe, mlio unazubaa. Hata mimi nililisikia, ila ilibidi nigongewe mara tatu. Likifeli, alama za jina zinakwanguliwa zote kwenye ganda na linauzwa kama jibini lisilo na ukoo.

Pale pale kwenye mvuke mhadhiri akauliza: lita 550 zimeingia, kilo 40 zimetoka, zilizobaki ziko wapi?

Wakuu, hilo swali ndilo kozi nzima. Malai imekuwa siagi. Maji ya jibini mengine yamepashwa tena yakatoa ricotta, jibini laini jeupe, mengine yamewekwa kuchachusha maziwa ya kesho, na mengi yamekwenda kwa nguruwe. Nguruwe hao ndio mapaja yao yanakuwa prosciutto di Parma, inayokaushwa milimani kwa chumvi tu na upepo. Sheria inasema sehemu hiyo iwe angalau kilomita 5 kusini mwa barabara ya kale ya Via Emilia, isizidi mita 900 kutoka usawa wa bahari, kati ya mto Enza na mto Stirone. Kwa hiyo jibini na paja la nguruwe vinavyouzwa kama bidhaa mbili tofauti ni shamba moja lenye milango miwili.

Na ng'ombe naye hali ovyo. Saileji, yaani majani yaliyovundikwa, ni marufuku kabisa, anakula majani makavu. Nilidhani ni mapenzi ya asili, kumbe ni woga wa hasara. Majani yaliyovundikwa huleta vijidudu ambavyo miezi kadhaa baadaye hutoa gesi ndani ya jibini, likavimba na kupasuka. Kwingine hutia kiungo cha kuvizuia, huku hairuhusiwi kutia kitu. Basi suluhisho likawa kumbana ng'ombe. Na kwa kuwa angalau asilimia 75 ya malisho hayo lazima yatoke ndani ya eneo lenyewe, maziwa yamefungwa kwenye ardhi kama mbuzi kwenye kigingi. Neno uendelevu lilikuja baadaye sana, likakuta kazi imeshafanyika kwa sababu nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye ratiba ya kozi halikuwemo hata mstari mmoja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nitalileta, ngoja kwanza nisikie maswali.

---

Nusu Mkate

Siti ya mbele kabisa. Mkuu usije ukatuacha njia panda kama wengine wa humu.

---

Mzee Kifimbo

Kijana umeandika vizuri ila hii chai imezidi sukari. Hizo hadithi za "mila" ni biashara tupu. Kuna profesa wa hukohuko Chuo Kikuu cha Parma, Alberto Grandi, kasema wazi kwamba vyakula vingi wanavyojivunia Waitaliano ni vya juzi tu, baada ya vita kuu ya pili. Akasema ukitaka jibini linalofanana na lile la mababu zao uende Wisconsin, Marekani. Je, hayo mlifundishwa au mlionjeshwa tu?

---

Chanikiwiti

Mzee shikamoo. Grandi tulimsoma wiki ya pili. Hayo ya Wisconsin aliyasema 2023 na yaliwasha moto nchi nzima, mawaziri nao wakaingia. Hoja yake ni kwamba wahamiaji waliondoka na jibini la wakati ule wakaendelea kulitengeneza vilevile, huku nyumbani jibini likiendelea kuboreshwa.

Mimi nakubaliana naye nusu. Mila za huku nyingine zina tarehe ya usajili kama gari. Upana wa tagliatelle, zile tambi bapa, umewekwa kwenye Chemba ya Biashara ya Bologna tangu 1972: milimita 8 ikishaiva. Mapishi ya mchuzi wa ragù nayo yakasajiliwa palepale 1982, na 2023 yakafanyiwa marekebisho. Mila inayofanyiwa marekebisho na kamati! Tulicheka sana darasani, Mtaliano mmoja hakucheka.

Lakini tusichanganye mambo. Jibini kubwa gumu lilikuwa linatengenezwa na watawa wa Kibenediktini bondeni huko tangu Enzi za Kati, hilo halina ubishi mkubwa. Chama cha watengenezaji kiliundwa 1934, ulinzi wa jina Ulaya ukaja 1996, na 2008 Mahakama ya Ulaya ikasema hata neno "Parmesan" linamkumbusha mnunuzi jibini lile lile. Kwa hiyo biashara ipo, sikatai. Swali langu mimi si kama mila ni ya mwaka 1200 au 1972. Ni je, hiyo kanuni waliyoiandika, hata kama iliandikwa jana, inamfanya mkulima afanye nini shambani? Kanuni ya milimita 8 haifanyi lolote. Kanuni ya majani makavu inabadilisha bonde zima.

Na kuna mfano ambao biashara imeokoa kitu. Ng'ombe wekundu wa asili wa Reggio Emilia, jirani na Parma, walikuwa zaidi ya laki moja miaka ya 1950. Wakaja weusi na weupe wenye maziwa mengi, wekundu wakateremka hadi elfu moja hivi miaka ya 1980. Kilichowarudisha si makumbusho. Mwaka 1991 wafugaji wachache walianza kuuza jibini la maziwa yao peke yake kwa bei ya juu, na idadi ikaanza kupanda. Hapo mzee utaniambia ni biashara, nami nitasema ndiyo, ni biashara.

---

Mzee Kifimbo

Marahaba. Hapo kwenye ng'ombe umenishika. Endelea.

---

Bint Maua

Asalaam aleikum. Mimi nina nafasi ya kozi kama hiyo mwakani na nimeshaanza kuingiwa baridi. Sili nguruwe. Naona kila mstari nguruwe. Nitashinda na njaa wiki sita?

---

Chanikiwiti

Waaleikum salaam dada. Nikudanganye nikufurahishe au nikwambie kweli? Emilia ni nchi ya nguruwe. Si nyama tu inayoonekana, ni mafuta yaliyojificha. Piadina, mkate bapa wa kienyeji, hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Gnocco fritto, zile andazi za chumvi, hukaangwa humohumo. Tortellini, vile vifundo vya pasta, ndani mna nguruwe wa aina mbili tatu. Na hilo jibini lenyewe ujue kigandishi chake ni cha tumbo la ndama, kwa hiyo uamue mapema na mtu unayemwamini kwa elimu.

Lakini tulikuwa na mwenzetu Mmorocco kwenye kundi, alikula vizuri kuliko mimi. Aliandika barua kabla ya kwenda, akataja kwa orodha: sili hiki, hiki na mafuta ya hiki. Ukisema tu "sili nyama ya nguruwe" watakuletea mboga zilizokaangwa na mafuta yake, kwa nia njema kabisa.

Vya kula: tortelli d'erbetta, vipande vya pasta vilivyojazwa ricotta na majani, ndicho chakula cha Parma usiku wa Juni 23 kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Meza zinatolewa nje, watu wanakula hadi usiku wakingoja umande uwaangukie, ndiyo baraka yenyewe. Ukienda Ferrara au Mantova kuna vilivyojazwa maboga. Wiki ya kuonja prosciutto yule Mmorocco aliomba kunusa tu. Kule mkaguzi hudunga paja kwa sindano ya mfupa wa farasi, anaichomoa, ananusa. Ule mfupa unashika harufu na kuiachia haraka. Jamaa alinusa mapaja matano, akatambua lenye kasoro kabla yetu sote tuliokuwa tunatafuna.

---

Mshale

Swali la pesa kidogo. Jibini linakaa rafuni miaka miwili, mfugaji anataka hela yake ya maziwa mwezi huu. Nani anabeba huo mzigo?

---

Chanikiwiti

Swali zuri kuliko niliyouliza mimi kule. Viwanda vingi ni ushirika wa wafugaji wenyewe, kwa hiyo wanajisubiri. Na kuna benki, Credito Emiliano, inayopokea magurudumu ya jibini kama dhamana ya mkopo. Si kwa karatasi, magurudumu yenyewe yanahamia kwenye maghala ya benki, yanageuzwa na kupigwa brashi humo humo huku yakikomaa. Dhamana inayopanda thamani ikiwa imelala!

Hatari ipo pia. Tetemeko la Mei 2012 liliangusha rafu kama domino, magurudumu kwa malaki yakaharibika. Massimo Bottura, mpishi wa Modena, akatunga wali wa jibini ili watu duniani wapike siku moja na kununua yaliyopasuka. Yakaondoka. Ni huyuhuyu ambaye mwaka 2015 wakati wa maonyesho ya Expo Milano alifungua na Caritas, shirika la misaada la Kanisa Katoliki, jiko kwenye jumba la maigizo lililoachwa, wapishi wakubwa wakipika mabaki ya chakula cha maonyesho kwa ajili ya watu wasio na makazi. Mwaka uliofuata ikatoka sheria namba 166 ya 2016 inayorahisisha maduka kugawa chakula kinachobaki badala ya kukitupa. Haitozi faini, inapunguza makaratasi na kodi. Nilipenda hiyo mbinu.

---

Reggiana

Nimekaa Reggio Emilia mwaka wa tisa sasa, naomba nichangie na kumsahihisha ndugu yangu kidogo kabla hajafika kwenye siki, maana najua anakuja huko na wageni wote huharibu hapo.

Ile siki nyeusi ya kwenye meza ya hosteli, ya Modena yenye alama ya IGP (alama ya Ulaya ya kulinda jina la mahali), ni siki ya divai iliyochanganywa na juisi ya zabibu, kukaa kwake kwa uchache ni siku 60. Siyo kitu kibaya, natumia kila siku. Ile nyingine, ya jadi, haina divai ndani. Ni juisi ya zabibu iliyopikwa taratibu, ikaachwa kwenye msururu wa mapipa yanayopungua ukubwa, ya mbao tofauti: mwaloni, mforosadi, mcheri, juniper wenye harufu kali. Yako darini, si chini, kwa sababu yanahitaji joto la kiangazi na baridi ya kipupwe. Kila mwaka unatoa kidogo kwenye pipa dogo kabisa, unalijaza kutoka la pili yake, hilo la pili kutoka la tatu, hadi la mwisho linapata juisi mpya. Miaka 12 kwa uchache, na ya 25 ina jina lake. Modena inauzwa kwenye chupa moja tu ya mililita 100 iliyochorwa na Giugiaro, yule mbunifu wa magari. Zamani msururu ulianzishwa binti akizaliwa, unamfuata akiolewa.

Siwatishi, ila usije ukamwambia bibi wa Kimodena kwamba ulinunua "balsamiko" dukani kwa euro tatu. Mimi nilimwambia mama mkwe. Ilikuwa 2017, bado inatajwa mezani.

---

Chanikiwiti

Dada Reggiana asante, umeniokolea aya nzima na aibu juu. Sisi tulipelekwa kuona mapipa ya manispaa darini mwa jengo la halmashauri ya Modena. Halmashauri yenye siki yake!

---

Tone la Maji

Samahani nitaharibu sherehe. Mnaongea uendelevu huku mnasifia ng'ombe na nguruwe. Bonde la mto Po hewa yake ni kati ya mbaya kabisa Ulaya. Mlizungumzia hilo au mlikula tu?

---

Chanikiwiti

Hapo wengi wa waandaaji huwa wanapita kwa mguu wa paka. Sisi tulibahatika, mhadhiri wa mazingira hakuwa mtu wa kuchekacheka.

Bonde limezungukwa na milima pande tatu, Alpi juu na Apenini chini, upepo ni haba. Samadi inatoa amonia, amonia inaungana na moshi wa magari na viwanda, inakuwa vumbi laini ambalo halina pa kwenda. Nitrati nazo zinashuka kwenye maji ya ardhini. Sheria ya Ulaya kwenye maeneo hatarishi inaruhusu samadi ya kilo 170 za nitrojeni kwa hekta kwa mwaka, na hapo ndipo wafugaji na maofisa wanavutana shati. Tulikaa na mfugaji mmoja akatuambia ana ng'ombe wanaotosha lakini hana shamba la kumwaga samadi yao, kwa hiyo analipia mashamba ya jirani yapokee. Ukilisikia hilo, kanuni ya majani ya eneo lenyewe unaiona kwa jicho lingine. Inafunga malisho kwenye ardhi, lakini haikufungi usiongeze ng'ombe.

Halafu maji. Kwenye bonde la Enza kuna malisho ya kudumu, prati stabili, mengine hayajawahi kulimwa kwa jembe kwa vizazi na vizazi. Ndani yake unakuta makumi ya aina za majani na maua kwenye eneo dogo. Tulipewa fremu ya mti ya mita moja kwa moja, tuitupe na kuhesabu. Niliishia 31, mwenzangu Mjerumani 38, naye alijigamba wiki nzima. Ni uzuri mtupu, na yanakunywa maji kama ngamia aliyefika kisimani. Yanamwagiliwa kwa kufurikisha kiangazi chote. Mwaka 2022 Po ilikauka kuliko ilivyowahi kuonekana kwa miaka 70, na Mei 2023 upande wa Romagna ukaja mafuriko yaliyoua watu na kuzika bustani za matunda kwa tope. Kwa hiyo mjadala wa bwawa la Vetto juu ya mto Enza, ambalo ujenzi wake ulianza miaka ya 1980 ukasimama, umefufuka. Wafugaji wanalitaka. Watu wa mto hawalitaki. Wote wawili wanasema "uendelevu". Tulifanya mdahalo, mimi nikapangiwa upande wa bwawa, tukashinda, na sikulala vizuri.

---

Nusu Mkate

Na lile ulilosema halikuwa kwenye ratiba? Nimesubiri tangu asubuhi hapa.

---

Chanikiwiti

Sawa.

Kipeperushi cha kozi kilikuwa na picha ya mzee mwenye masharubu amekumbatia gurudumu la jibini. Kweli wapo. Lakini jibini linaanza na kukamua, na kukamua ni saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, siku zote za mwaka. Siku ile ya tatu tulipofika mapema kupita kiasi, basi lilisimama zizini kwanza. Waliokuwa wanakamua walikuwa wanaume watatu, wote wamevaa vilemba. Masingasinga kutoka Punjab. Mhadhiri akawasalimia kwa majina, wakamsalimia kwa Kiitaliano cha lafudhi ya Reggio, tukapelekwa kwenye shaba. Hatukuambiwa neno.

Nikaanza kuwaona kila mahali. Kila zizi tulilotembelea, isipokuwa moja. Walianza kuja tangu miaka ya 1980 na 1990, wakati vijana wa Kiitaliano walikuwa wanayakimbia mazizi kwa ajili ya viwanda. Wengi wametoka familia za wafugaji na wakulima, kazi wanaijua. Ukitaka kusema wazi, bila wao kuna magurudumu mengi yasingekuwepo rafuni.

Jumapili ya wiki ya tatu nikapanda treni ndogo kutoka Reggio hadi Novellara. Kuna hekalu la Masingasinga hapo lililofunguliwa mwaka 2000, Romano Prodi mwenyewe alikuja kulifungua akiwa rais wa Kamisheni ya Ulaya. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa chini kwenye busati na yeyote aliyefika, unalishwa. Hakuna anayekuuliza wewe nani. Dengu, mkate mwembamba wa moto, wali wa maziwa. Nilikuwa nimekaa kati ya dereva wa lori na mzee mmoja wa Kiitaliano jirani wa hapo ambaye, nilivyoelewa, huja kila Jumapili tangu mkewe afariki.

Aliyenimiminia dengu ya pili nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema anakamua. Nikamuuliza kama jibini analila. Akacheka, akasema watoto wake hawali wali bila kulikwangulia juu yake.

Sasa niambieni, kama tumekwenda kusoma utamaduni wa chakula wa mkoa, kile si chakula cha mkoa?

---

Reggiana

Ni chakula cha mkoa. Mwezi wa nne wakifanya maandamano ya sikukuu yao ya Vaisakhi, Novellara nzima inakula barabarani. Wanangu husubiri siku hiyo kuliko karamu za hapa kwetu.

---

Bint Maua

Nimepata jibu la njaa yangu. Jumapili niko Novellara.

Visa je? Na hizo krediti zinahesabika chuoni kwetu?

---

Chanikiwiti

Wiki sita ni visa ya muda mfupi ya Schengen, inayoruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na wasikudanganye eti siku 15 zinatosha, miadi ya ubalozi yenyewe inaweza kumaliza mwezi. Kozi ikivuka siku 90 ni habari nyingine, kuna kibali cha ukaazi cha kufuatilia ndani ya siku nane tangu uingie.

Krediti: Italia moja ni saa 25 za kazi yote, darasa pamoja na kujisomea. Kwa hiyo kozi ya krediti 6 ni saa 150. Chukua mtaala wenye hesabu hiyo, upeleke chuoni kwako KABLA ya kulipa, wakuandikie. Mwenzetu mmoja alirudi akaambiwa alikuwa likizo.

Usikubali kozi ya Agosti. Karibu na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, kila kitu kimefungwa, utaona milango tu. Beba viatu vinavyofuliwa. Na mikahawani ukiona "coperto" kwenye bili si wizi, ni malipo ya kukaa mezani.

---

Mshale

Mwisho mlifanya mtihani au ripoti? Ulipata ngapi?

---

Chanikiwiti

Ripoti. Mimi niliandika kuhusu zizi na ile meza ya chini Novellara. Nilipata 27 kati ya 30, na pembeni mhadhiri ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba ni nzuri ila imetoka nje ya mada.

Yule Mjerumani aliandika kuhusu kinyundo. Kapata 30.